Dayodi ya Landrova

Alhamisi, 5 Mei 1983
Karatu nzima haina betri. Mzee Raphaeli, balozi wetu wa nyumba kumi na baba yake Hyasinta, hajasikia taarifa ya habari tangu Pasaka. Katangaza: atakayemsikilizisha redio Jumapili baada ya misa, mshenga wake atapokelewa. Piusi, anayemtaka Hyasinta kama mimi, kacheka tu. Acheke! Mimi ni fundi redio. Naunda redio isiyokula betri: waya mrefu, koili, kisikilizio cha simu mbovu, na dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Wenzangu hutumia kidayodi cha kioo, kidogo kama punje ya mtama. Mimi nimeng'oa dayodi ya alternata, mtambo unaochaji betri ya Landrova. Nene kama kidole gumba! Mkwe hapewi punje.

Ijumaa, 6 Mei
Kimya. Hata mkwaruzo hakuna. Nikamwendea Sakaya, opereta wa redio kolu, redio ya mawasiliano, kule Ngorongoro, mtu wa majivuno. Akaniambia dayodi ni lango, na langu ni zito. Volti inayonaswa na waya ni chembe tu, haiwezi kulifungua. La kioo hufunguka kwa kidogo. Akataka kunipa moja. Nimwombe Sakaya? Bora nife kapera.

Jumamosi, 7 Mei
Wazo! Lango likiwa zito, si nilisukume mwenyewe nusu njia? Mama ameanika betri zilizokufa juu ya bati zifufuke kidogo, kama kila mtu. Nikachukua moja ingali na joto, nikaiunga na dayodi. Redio ikaongea! Mnong'ono, lakini ikaongea. Niliruka mpaka kuku wakakimbia.

Jumapili, 8 Mei
Piusi kafika na redio yenye betri mpya, inavuma hadi barabarani. Mzee akasikiliza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Kijana, betri hizi umezitoa duka gani?" Wiki hizi walanguzi wanasakwa, na balozi ndiye anayepeleka majina. Ghafla Piusi akakumbuka ng'ombe wake wako Baray bila mchungaji. Hajarudi! Nikamwekea mzee kisikilizio sikioni. Akafumba macho, akasikia yote mpaka matangazo ya vifo.
"Mlete mshenga Jumamosi," akasema. "Ila redio yako inaongea kama mgonjwa."
Hyasinta alikuwa mlangoni, anacheka. Nimeshinda! Nimeshinda!

Jumatatu, 9 Mei
Mzee anataka sauti, atapata sauti. Ikiwa betri mfu imenipa mchumba, je, iliyo hai? Nimemwomba Ngoitiko, dereva wa ushirika, betri za lori lake. Volti ishirini na nne! Kaniuliza kama sitamuunguza mzee masikio; dereva anajua nini kuhusu redio? Jumamosi namwekea mkwe kisikilizio mbele ya wazee wote. Safari hii, masikio yote mawili.