Nukta Iliyookoa Kazi Yangu

Jumatatu, 13 Oktoba
Wiki ya tatu ya majaribio ofisini. Meneja anataka mfumo wetu utume barua pepe. Dada wa dawati la dirishani, ambaye namwita Mkutubi, akasema tuchukue maktaba: msimbo ulioandikwa na wengine, ukakaguliwa na wengi. Kazi ya nusu saa. Nikasema barua pepe ni maongezi tu ya kompyuta mbili. Hujambo, natoka kwa fulani, naenda kwa fulani, barua hii hapa, kwaheri. Nitaandika mwenyewe. Akaniuliza kama hilo shati nalo nimelifuma mwenyewe.

Jumanne, 14 Oktoba
Mistari thelathini na minane. Nimemwandikia mke wangu salamu. Imefika. Amejibu nirudi na sabuni. Mkutubi akauliza kama nimesoma kanuni zote za barua pepe. Nimesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katikati ni maelezo.

Jumatano, 15 Oktoba
Mwalimu Mkuu, mteja wetu mkubwa, analalamika kuwa ripoti za wanafunzi zimechelewa. Anataka kuhama. Meneja akaniambia kwa upole wa kutisha kwamba shule ikiondoka, wa majaribio ndiye wa kwanza kutoka. Wa majaribio ni mimi peke yangu. Kisha akajifungia kumjibu. Saa nzima tulisikia vitufe kupitia ukutani. Barua akaituma kwa mfumo wangu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Meneja amekuja macho mekundu. Amekiri aliandika kwa hasira. Radhi kidogo mwanzoni, halafu akamweleza Mwalimu Mkuu kwamba shule yake haijui hata kuwasha kompyuta. Nikaanza kufungasha. Kikombe, chaja, kandambili za chini ya meza.

Saa tano simu ikalia. Meneja akaipokea amesimama, akaimaliza ameketi. Mwalimu Mkuu amesema hajawahi kuombwa radhi kwa ufupi namna ile, bila kisingizio hata kimoja. Anabaki. Nilivuta pumzi mpaka mgongo ukalia. Kikombe kimerudi mezani.

Mkutubi akachimba, akapata sababu. Meneja hutenganisha aya kwa nukta iliyokaa peke yake kwenye mstari. Kwa kanuni za barua pepe, mstari wa hivyo maana yake barua imeisha. Radhi zilifika, matusi yakabaki njiani. Maktaba ingeilinda ile nukta na kufikisha kila neno. Ndizo zile kurasa za katikati, kaka, akasema. Nikamjibu kwamba basi maktaba ingenifukuzisha kazi. Akaanza kukagua barua nyingine zilizotumwa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Zimegunduliwa barua nyingine tisa zilizokatwa. Moja ilimwalika mkaguzi bila kumtajia siku. Meneja akaamuru maktaba iwekwe. Mkutubi alitumia dakika ishirini na sita, na akahakikisha nazijua. Mimi ninabaki, kwa majaribio ya miezi mitatu zaidi. Mchana uliobaki nimelala kwa raha, kichwa juu ya kibodi.

Sina kinyongo. Barua pepe nimeshaiweza, wacha wengine waitunze. Sasa Mwalimu Mkuu anataka kalenda ya shule ndani ya mfumo, na Mkutubi ameshaanza kutafuta maktaba ya tarehe. Nimemwahi. Miezi ni kumi na miwili tu. Mingine ina siku thelathini, mingine thelathini na moja. Februari nitaishughulikia ikifika.