Jinsi Nilivyombadilisha Mnara kwa Mapacha

Jumatatu, tarehe 3
Tumeshinda! 61 kwa 58, dhidi ya wafanyakazi wa posta. Mnara peke yake pointi arobaini. Kiwanda chetu kizima cha mikate kikambeba juu juu. Mimi, katibu wa timu, niliyefua jezi zote kwa mikono yangu, nikaachwa na ndoo. Sina kinyongo. Mnara ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ila timu ya mtu mmoja ni hatari: akipata mafua, sote tunaugua. Hapo nikapata wazo. Kiwanda cha sabuni wana mapacha wanaocheza kikapu. Tuwape mmoja, watupe wawili. Namshukuru Mungu kwa kichwa hiki.

Jumanne, tarehe 4
Kocha hataki. Anasema nyota habadilishwi, anatunzwa. Nikamuuliza kati ya moja na mbili ipi kubwa. Akaokota mpira wake, akaenda zake. Nimeshinda hoja. Barua imeenda pamoja na fomu ya uhamisho, na muhuri mara mbili ipendeze.

Alhamisi, tarehe 6
Wa sabuni wamekubali kabla hata ya chai ya saa nne. Ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Mnara aliisoma barua amesimama mbele ya tanuri. Akaikunja, akaniuliza, "Shemeji, nimekosea wapi?" Nikamwambia ni kwa maendeleo yake. Akavua aproni, akanishukuru kwa yote, akaondoka. Afadhali angenitukana. Mke wangu hanisemeshi. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 7
Balaa! Kanuni ya ligi yetu inasema mchezaji anachezea pale anapofanya kazi. Na kanuni hiyo niliiandika mimi! Kumbe kumtoa Mnara ni kutoa nyota wa timu na mwokaji mkuu kwa mpigo. Mapacha wamewekwa kwenye tanuri. Watu wa Mungu wanajua sabuni tu. Mikate nje nyeusi, ndani mbichi. Hospitali imerudisha kreti zote.

Jumapili, tarehe 9
Mechi. Mapacha wanapasiana wao kwa wao, wengine tulikuwa watazamaji. 31 kwa 72. Meneja akaniita pembeni. Hadi Jumanne tanuri lipate mwokaji wake, la sivyo stoo ya unga itafute karani mwingine. Karani wa stoo ni mimi.

Jumatatu, tarehe 10
Nimeenda kiwanda cha sabuni. Mkuu wao akacheka, akasema fomu ni fomu. Nikapiga magoti. Sakafu ya pale inateleza, nikaishia chini ya meza yake.

Mnara akaingia, macho mekundu kwa magadi. Akanivuta kwa mkono kutoka chini ya meza, kisha akamwomba mkuu aitazame fomu vizuri. Muhuri upo, tena miwili. Sahihi yangu ipo. Sahihi ya mchezaji haipo, kwa hiyo uhamisho wote ni batili. Nilisahau kumpa asaini! Yeye alijua tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilikuwa nasubiri unitake mwenyewe, shemeji."

Nimelia mbele ya wa sabuni wote. Nilimwonea wivu mtoto wa watu, basi. Hilo ndilo lililokuwa.

Jumanne, tarehe 11
Mikate imerudi rangi yake. Mapacha wamerudi kwao, hawakuaga. Mnara amemwambia meneja kwamba ni yeye aliyeomba kwenda kuonja kazi ya kwingine, nisilaumiwe mimi. Kibarua changu kimepona. Mke wangu amenipakulia, na nyama juu. Ahsante Mungu. Ahsante shemeji. Ahsante hata kocha, ingawa anatabasamu kupita kiasi. Nimeapa: simbadilishi mchezaji tena maishani.

Jumatano, tarehe 12
Shukrani imenijaa hadi nimeshindwa kuhesabu magunia. Nimewaza siku nzima jinsi ya kumlipa Mnara wema wake, na nimepata! Barua imeshaondoka. Wa sabuni wamchukue kocha wetu, na nafasi yake aishike Mnara, aache kabisa kuhangaika uwanjani. Mwenyewe sijamuuliza. Nataka iwe zawadi.