Kisanduku cha Sikio Moja

Sharubati alipogundua kwamba kisanduku chake kimekufa upande wa kushoto, hakuhangaika. Alijilaza kwenye kochi la dada yake, akafikiri ni nani mjini amekufa upande huohuo.

Kilikuwa kisanduku cha sauti, cha mtumba, cha kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB ili muziki utoke mtamu. Kulia kiliimba vizuri. Kushoto, kaburi. Na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mtu asiyeshona hata kifungo bila kompyuta yake kuimba, sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tangu utotoni. Basi hapo dhambi iko wapi?

Haja yake haikuwa pesa. Wiki iliyopita aliuza cherehani ya dada yake, katika mazingira aliyoyaita "ya kibiashara", na dada alikuwa na sare za shule za kushona. Maneno ya dada yalikuwa machache: "Nipate cherehani leo, kaka, au utafute kochi lingine."

"Mzee wangu," Sharubati alianza dukani kwa fundi, akikipangusa kisanduku kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, "hiki kimetoka studio. Waimbaji wamekililia."

"Mbona kinauzwa?"

"Mwenye studio ameoa. Mke hataki kelele."

Fundi akakichomeka kwenye kompyuta yake, akavaa hedifoni. Akazivaa kinyume, upande uliokufa ukaangukia sikio lake zima. Akafumba macho, akangoja.

"Sisikii kitu."

Ulimi wa Sharubati haukuteleza. "Hasa! Hicho ni kimya cha studio. Spika zako zinakwaruza hata zikinyamaza. Umewahi kusikia kimya kisafi namna hiyo?"

"Sijawahi," fundi alikiri.

"Sasa lete nizipanguse." Akazigeuza, akamvisha upya. Gitaa likaingia, na mguu wa fundi ukaanza kucheza wenyewe chini ya meza.

"Pesa sina, mwanangu. Ila cherehani ninazo mbili; chukua hii moja."

Sharubati nusura ambusu. Lakini mjanja hanunui kwa macho; akataka ijaribiwe. Fundi akachomoa suruali kwenye kikapu, akaipitisha chini ya sindano, trrrr, mshono ukanyooka kama mstari wa rula. Sharubati akauvuta kwa mikono miwili. Haukuachia.

"Fundi, wewe ni mtu wa haki."

"Kama wewe tu, mwanangu."

Sharubati akaibeba cherehani begani mpaka nyumbani, akipiga mluzi. Dada akaweka uzi, akashona sketi ya kwanza, akaiinua. Sketi ikaanguka vipande viwili. Akainama, akachungulia chini ya mashine.

"Kaka, hapa pa kukamatia uzi wa chini pamevunjika. Hii haishoni, inatoboa."

"Nimeiona kwa macho yangu ikishona suruali!"

"Suruali ilikuwa vipande, au ilikuwa suruali?"

Hapo Sharubati akakumbuka. Suruali ile ilikuwa imepigwa pasi. Mshono aliouvuta kwa nguvu zake zote ulishonwa zamani, kwa cherehani ile nyingine, nzima.

Alifika mlangoni ili arudi kulalamika, akasimama. Angeanzia wapi?

"Ingia ndani," dada akasema, akimkabidhi sindano ya mkono. "Kochi nimekuachia."

"Dada, vidole hivi ni vya biashara."

"Basi wateja wako ndio hawa." Akamrundikia mapajani sketi thelathini.