Naomba Jina Langu Lifutwe kwenye Daftari la Wazee

Dunda, Bagamoyo
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Kwa Bi. Adija Abdulswamad,
Muuguzi Mkuu,
Huduma ya Wazee Majumbani,
Bagamoyo.

Ndugu Muuguzi Mkuu,

YAH: KUFUTWA KWA NAMBA 38

Assalaam aleikum. Nakutakia uzima wewe na wauguzi wako wote, ukiacha mmoja nitakayemtaja hapa chini, ingawa na yeye, nikifikiri vizuri, namtakia.

Mimi ni Hamidu Bwanausi, mume wa marehemu Shamsia binti Mwinyijuma, aliyekuwa mgonjwa wenu namba 21. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini daftari nalijua. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa msimamizi kwenye majaruba ya chumvi. Kila asubuhi niliita majina ya vibarua na kuwatilia alama, na aliyechelewa nilimtia alama ya wino mwekundu. Nayasema haya ili uelewe kwamba mimi ni mtu wa kuandika majina ya wenzangu. Kuandikwa sikuzoea. Nina miaka sabini na minne, ambayo kwa mtu asiyekaa bure si mingi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wodini. Novemba mwaka jana mke wangu alipata kiharusi, akalazwa wiki tatu. Siku ya pili alikuja muuguzi na karatasi ya maswali. Nikakaa sawa nimjibu, kama anavyojibu mwanamume aliyeishi na mkewe miaka arobaini na sita. Jina nikajibu. Alikozaliwa nikajibu, Saadani. Dawa anazomeza nikazitaja zote tatu, mbili kwa usahihi. Akauliza mama anapenda chai ya namna gani. Nikasema ya maziwa, sukari vijiko vitatu.

Muuguzi akanishukuru vizuri sana, halafu akainama akamwuliza mgonjwa swali lile lile, kana kwamba mimi nilikuwa naimba. Ulimi wa Shamsia ulikuwa mzito. Alichukua muda mrefu, na muuguzi akamsubiri, jambo ambalo mimi sikuwa nimelifanya tangu tufike pale. Mwishowe akasema, "Ya rangi. Sukari sitaki. Anatia yeye."

Bi. Adija, ilibainika kwamba wiki ya harusi yetu nilimtilia vijiko vitatu kwa mapenzi, akanywa kwa adabu, na tangu hapo hakuna aliyeuliza. Mngeweza kuniacha nife na ujinga wangu. Badala yake mliandika "chai ya rangi, bila sukari" kwa herufi kubwa, mkabandika juu ya kitanda, na kila aliyekuja kumjulia hali akasoma, akiwemo shemeji yangu Habiba, ambaye mpaka leo akinipitishia sukari hunitazama kwanza.

2. Nyumbani. Tuliporuhusiwa mlituletea Muuguzi Clara, kila Alhamisi saa nne. Clara ni binti wa watu kutoka bara, ana heshima, na sina ugomvi na waliomlea. Lakini siku ya kwanza, kabla hata hajamgusa mgonjwa, aliomba ruhusa akaikagua nyumba yangu kama mtu anayetaka kuinunua. Zulia alilotuletea mwanangu Bilali kutoka Maskati likakunjwa, eti pembe yake inakwaza. Kitanda kikageuzwa ili mgonjwa auone mlango. Nikamweleza kwamba kitanda hicho kimekaa hivyo tangu mwaka wa themanini na tisa. Akasema pole, akashika upande wake, akanisubiri nishike wangu. Ndoo, viatu vyangu, redio na waya wake, vyote vikaondolewa njiani. Nikauliza kama na mimi niondoke. Shamsia akacheka, upande mmoja wa mdomo, kwa mara ya kwanza tangu augue. Nalalamika kwamba kicheko kile kiliingizwa kwenye faili kama maendeleo ya mgonjwa, bila kutaja aliyesema mzaha.

Tena, Desemba Clara aliniita "baba". Katikati ya Januari nikawa "babu". Nilizeeka ndani ya wiki tano, na hakuna aliyenieleza kilichotokea.

3. Mafunzo. Clara alinikuta namgeuza mke wangu kwa namna ninayoijua, yaani namna ya kugeuza gunia la chumvi. Hakunigombeza. Aliniomba nilale mimi kitandani. Akanigeuza ghafla, kimya, bila neno. Kisha akanirudisha, akasema, "Babu, sasa nakushika bega, nakugeuza uelekee mlangoni," ndipo akanigeuza mara ya pili. Nikaelewa, na sikufurahi kuelewa.

Tangu hapo nikawa nasema kila kitu. Shamsia, nakuinua mkono. Shamsia, maji yana moto kidogo. Shamsia, naangalia visigino. Katika miezi ile nilizungumza na mke wangu kuliko miaka yote ya nyuma, na mengi yalihusu visigino. Mazoea haya hayajanitoka. Juzi sokoni nilimwambia muuza samaki, "Sasa nanyoosha mkono, nachukua changu huyu." Alinitazama sana, akaniongezea mmoja. Nauliza rasmi: huduma yenu ina dawa gani kwa mtu aliyefundishwa kazi mpaka akaiweza, halafu kazi ikaondoka?

4. Nyumba ya wazee. Mwezi wa Machi mgongo wangu uligoma. Mkashauri Shamsia akae siku kumi na nne kwenye nyumba ya wazee ya masista ili mimi nipumzike. Nilikataa. Nikasema katika ukoo wetu hatujawahi kumpeleka mtu kulelewa kwa watu, na kwamba majirani watasema. Shamsia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba Habiba amfungie kanga zake.

Siku ya tatu nilikwenda kuona anavyoteseka bila mimi. Nikamkuta barazani na bibi mmoja aitwaye Natalia, wanasuka ukili. Bibi Natalia naye aliwahi kupata kiharusi, ila yeye kilimpiga upande mwingine. Kati yao walikuwa na mikono miwili mizima, ikawatosha. Walinikaribisha, wakaniuliza kama nimekula, wakaendelea na kazi yao.

Siku ya kumi na nne nilifika na bajaji, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akaomba siku mbili zaidi wamalize ukili. Nikatoka nje kumrudisha dereva. Akaniuliza, "Vipi mzee, amekukataa?" Nikamwambia bado anafikiria. Msala ulioshonwa kwa ukili ule ndio ninaouswalia. Umepinda upande wa Bibi Natalia.

5. Mtihani wa hila. Tarehe 10 Aprili Clara aliniomba niinuke kwenye kiti, nitembee mpaka mlangoni, nigeuke, nirudi nikae. Nilidhani anataka mgonjwa aone mfano, nikaonyesha mfano. Niliinuka nikishika meza kidogo, kwa madaha. Nilipofika mlangoni nikamsalimia jirani yangu Alawi, nikamwuliza habari za nyumbani, nikarudi. Muda wote Clara alikuwa anatazama simu. Nikajisemea vijana wa siku hizi. Kumbe ananipimia muda. Akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi, na kama nimewahi kuanguka mwaka huu. Nikajibu kwa ukarimu wa mwenyeji, nikidhani ni mazungumzo. Akanipima presha, kwa kuwa mashine ilikuwa imeshatolewa.

Baadaye nimegundua kwamba niliandikiwa "hatari ya kuanguka: ya kati". Naikanusha vikali. Nilianguka mara moja tu, na chanzo kilikuwa lile zulia, kabla halijakunjwa.

6. Hili la mwisho ndilo kubwa, na yote niliyosema huko juu mnaweza kuyasamehe.

Shamsia alifariki Jumanne tarehe 17 Juni, asubuhi, akiwa amelalia ubavu wa kutazama mlango. Nilikuwa nimemwambia, "Shamsia, nakwenda kuchemsha maji, narudi." Nilirudi.

Alhamisi Clara alikuja saa nne kama kawaida. Alikaa mkekani na wanawake, akaosha vikombe. Alhamisi iliyofuata akaja kuchukua godoro la hewa na kiti cha magurudumu, mali ya huduma. Nikampa, nikamshukuru, nikajua tumemalizana. Godoro na kiti vikapakiwa. Clara akarudi ndani, akakaa, akatoa mashine yake ya presha.

"Na wewe umo, babu," akasema.

Nikadai kuliona daftari. Akalifungua. Namba 38, Hamidu Bwanausi, miaka 74, tarehe 10 Aprili. Pale penye nafasi ya kuandika nani aliyeleta jina, pameandikwa: mke.

Nilimbana, akaeleza. Siku ile ya mtihani, nilipotoka kumtafutia maji ya kunawa, Shamsia alimshika mkono akamwambia maneno matatu, na kwa ulimi wake yalichukua muda wote niliokuwa kisimani: "Muandike yeye. Asijue."

Kwa hiyo, Bi. Adija, mgonjwa wenu na muuguzi wenu walipanga njama dhidi yangu, nyumbani kwangu, huku mimi nikiwa nawatekea maji.

Ona madhara yake. Kwetu mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Watu wanajua yuko wapi, wanajua wamkute vipi. Mwanamume hana eda. Matanga yakishaanuliwa, kesho yake anatarajiwa awe sokoni anauliza bei ya dagaa. Mimi nilikuwa tayari kabisa kutarajiwa hivyo. Lakini kila Alhamisi saa nne mtu anaingia, ananiuliza nimekula nini, na hatosheki na "alhamdulillah". Anasubiri nitaje chakula chenyewe. Imefika mahali napika Jumatano ili Alhamisi niwe na jibu. Ananiuliza kuhusu Shamsia pia, halafu anasubiri vilevile. Mwanamume hawezi kukaa na huzuni yake kwa utulivu katika hali hiyo.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Jina langu lifutwe kwa mstari ulionyooka wa wino mwekundu. Iandikwe pembeni kwamba sikuwa mzee, bali nilikuwa namsindikiza mzee. Na Muuguzi Clara apewe onyo kwa tabia yake ya kuuliza swali na kungoja jibu.

Ili nisionekane mtu wa maneno matupu, tarehe 28 Agosti nilimwambia Clara mwenyewe asije tena mpaka barua yangu ijibiwe. Barua yenyewe sikuwa nimeianza. Akasema, "Sawa, babu," akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake.

Nisalimie wauguzi wa wodini, hasa yule wa chai. Wasalimie masista, na Bibi Natalia aambiwe kwamba msala bado ni mzima. Kama yule dereva wa bajaji anapita maeneo ya ofisini kwenu, mwambieni Shamsia hakunikataa, alirudi nyumbani baada ya zile siku mbili.

Mimi mlalamikaji wako, nisiye na kinyongo,

Hamidu Bwanausi
Namba 38 (kwa sasa)

Baada ya sahihi: Barua hii nimeianza saa nne kasoro asubuhi, na sasa ni saa saba. Nimeiandikia kwenye kiti kinachotazama mlango, kwa sababu ya mwanga. Clara hajaja, kama nilivyomwagiza. Alhamisi iliyopita pia hakuja. Binti huyu ni mtiifu kupita kiasi, na hilo nalo mlitazame.

Nimejipima mwenyewe kwa saa ya ukutani kutoka kitini mpaka mlangoni na kurudi. Matokeo si ya kuaminika, kwa kuwa kila nikifika mlangoni nakaa nikitazama njia. Zulia la Bilali nililitandaza tena baada ya matanga. Jumatatu lilinikwaza. Sikuumia, ila goti limevimba, na hakukuwa na mtu wa kumwambia hapana, sikuanguka. Nimelikunja.

Chai ya rangi nimechemsha ya watu wawili, bila sukari. Sijaipenda bado.

Nimeyasoma tena madai yangu matatu. Mawili yanayobaki mnaweza kuyafanyia mtakavyo, lakini kwa lile la kwanza tafadhali msiguse wino mwekundu. Mimi nayajua madaftari. Jina likishakatwa, ili lirudi lazima aliyelileta mara ya kwanza aje alilete tena, na wa kwangu hawezi kuja.

Naomba Alhamisi nikumbukwe.