Pijo ya Kumbeba Velma

Jumatano, 18 Juni 2014
Pijo 504 imefika kwetu huku ughaibuni, Coon Rapids! Ya mwaka 1979, otomatiki, rangi ya maziwa. Kwetu Kisii gari hili lilikuwa la mkuu wa shule na la maharusi. Jumamosi nitambeba nayo Velma, binti wa dada yangu anayeolewa, hadi kanisani. Jotham wa kwaya alikuwa amejitolea na van yake. Nimemwambia apumzike. Nimeegesha kama marehemu baba alivyonifunza: gia imeingizwa, jiwe nyuma ya gurudumu.

Alhamisi, 19 Juni
Nimezungusha ufunguo. Kimya. Taa zinawaka, redio inaimba, injini haikohoi hata kidogo. Betri! Nimeweka mpya. Kimya. Basi ni stata. Nimelala chini ya gari na nyundo, nikaigonga kwa heshima. Kimya kile kile. Jotham amepita akauliza kama aioshe van. Nimemjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Kidole gumba kimevimba.

Ijumaa, 20 Juni
Goretti, mke wangu, amerudi kutoka zamu hospitalini, bado na sare. Ameingia, akasogeza gia hadi kwenye P, ya kuegesha, akawasha. Ikanguruma! Akasema, Baba Brandon, otomatiki haiwaki ikiachwa kwenye gia. Kisha akaenda kulala. Maskini, uchovu. Nyundo hufanya kazi polepole, kila fundi anajua.

Jumamosi, 21 Juni
Nimemfikisha Velma kanisani kwa vigelegele. Nusura nilie. Nimeegesha vizuri: gia, jiwe.

Baada ya ibada maharusi wameketi nyuma, nikazungusha ufunguo. Kimya! Velma akauliza kwa upole, Uncle, tuite van? Niliumia sana. Nimemeza kiburi nikaenda kumwomba Jotham nyaya za kuamshia betri. Tuliporudi, palikuwa na jiwe tu. Goretti alikuwa ameshawapeleka ukumbini, akipiga honi njia nzima.

Mimi nimefika kwa van ya Jotham, nimepakata sufuria ya pilau. Ilikuwa moto.

Jumapili, 22 Juni
Goretti bado anasema ni gia. Hasemi kwamba kabla ya kumfuata Jotham nilikuwa nimeipiga boneti makofi mawili. Shukrani ya punda!

Mwezi ujao binti wa Philister, mwenzetu wa kanisani, anaolewa. Nimeshamwahidi Pijo. Iko mbele ya gereji, gia imeingizwa, na leo nimeongeza jiwe la pili.