Mageti Manne ya Migomba, Zombe

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba mwaka huu wa 1986 Zombe iliingia rasmi katika biashara ya ndizi, kwa muda wa siku moja. Mimi, Kisilu, Afisa wa Mradi wa Ndizi za Biashara Penye Ukame, ndiye niliyesimamia mafanikio hayo.

Mradi ulikuwa na mkulima mmoja, Mama Mbinya. Alikuwa na migomba arobaini kando ya mto wa mchanga, ule ambao maji yake huchimbwa chini, akiimwagilia kwa ndoo. Mikungu ilibakiza wiki tatu kukomaa, na Salim, mchuuzi wa Kitui mjini, alikwisha kuiagiza yote. Ndipo barua ikaja: Mkurugenzi wetu, Bwana Ndolo, anakuja kuliona shamba.

Niliunda kamati ya mapokezi. Kila mtu anajua mgeni wa maana hapokelewi bila geti la migomba iliyokatwa na kusimikwa pande mbili za barabara. Na Zombe nzima, migomba ilikuwa wapi? Kamati ilijadili suala hilo kwa kina, ikanywa chai, ikapitisha azimio. Asubuhi tukaenda na mapanga.

"Wiki tatu tu, Afisa!" Mama Mbinya alilia. "Hii ni shamba ama ni maua ya harusi?"

"Mama, hii ni heshima ya serikali."

Tulisimamisha mageti manne. Yalipendeza mno. Bwana Ndolo aliyapita yote akipunga mkono, akashuka garini, akatazama visiki.

"Kisilu, shamba iko wapi?"

"Umeipita, Mheshimiwa. Mara nne."

Mpiga picha wa gazeti, aliyefuatana naye, alicheka mpaka akaketi chini. Mimi niliona aibu, ingawa haikuwa kwenye ratiba. Bwana Ndolo akamgeukia Mama Mbinya upesi. "Mama, sema unataka nini. Ofisi itatoa, hata huyu jamaa wa gazeti aandike."

"Hizi visiki zitachipuka zikipata maji. Nipe huyu Kisilu. Na wewe ukuje kila Jumamosi, peke yake hawezi."

Mpiga picha akaandika.

Sasa nateka maji tangu alfajiri, suruali ya ofisi nimeikunja hadi magotini. Jumamosi iliyopita nilimkabidhi Mama Mbinya barua ya kuomba likizo, nakala kwa Mkurugenzi. Aliisoma yote, akaniuliza kama migomba nayo inaenda likizo. Mkurugenzi, aliyekuwa nyuma yangu na ndoo mbili, akaninong'oneza nisimkasirishe mama.