Basi la Wageni na Filimbi ya Baba

Leo nimeaibika. Mbele ya wageni kumi na wanne, mzee mmoja wa kanisa na mbuzi wa jirani. Nyambura na Eseri, nawaandikia ninyi wawili tu. Shule ikifunguliwa mtasoma daftari hili, mtanirudishia, na bwenini hamtamwambia mtu. (Eseri, ninakujua.)

Nianze mwanzo. Kuna kampuni pale River Road, mjini, inayotembeza watalii. Inawachukua hotelini, inawapeleka kuona simba, inawarudisha. Karani wao, Bwana Simeoni, ni mtu wa huku kwetu Mutuini. Akawaza: kwa nini wageni wasipitie kwetu kwanza, waone mashamba, waone akina mama wakisuka vikapu vya vyondo, wanunue? Kamati ikaundwa kanisani. Ilikaa Jumapili tatu, na mbili kati ya hizo iligombana juu ya choo. Mwisho kampuni ikakubali kujaribu mara moja, leo Jumamosi. Mambo yakienda sawa, basi litakuja kila Jumamosi. Yakiharibika, kwaheri.

Mnajua maana yake kwa mama yangu? Mama hubeba vyondo mgongoni, kwa miguu, hadi mjini, na visiponunuliwa hurudi navyo mgongoni. Wiki hii amekuwa akisuka huku akiimba. Miaka ya juzi, wakati wa hali ya hatari, gari lenye wazungu likija Mutuini hakuna aliyeimba.

Sasa baba. Mnakumbuka kwamba ni gadi wa gari la moshi. Kwenye kamati alipewa mambo ya usafiri, akaleta reli nzima.

"Filimbi ya kwanza, watu wapande. Filimbi ya pili, dereva aondoke. Dakika thelathini, basi. Mambo ya kungojana ni ya harusi."

Leo mwenyewe alikuwa kazini, njia ya Nakuru. Asubuhi akaniita, akanipa filimbi ya akiba, saa yake ya mfukoni na kibendera cha kijani, kile cha kuruhusu gari liondoke. Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali huliambia dawati jibu!

"Baba, mpe mtu mwingine."

"Nani mwingine anajua saa na Kiingereza? Puliza tu. Filimbi haina haya."

Basi likaingia saa nne kamili. Jamani, vigelegele! Wageni wakashuka wakicheka, na akina mama hawakungoja kamati. Waliwavua kofia, kina bibi kwa kina bwana, wakawafunga vitambaa vya kichwani. Bwana mmoja mnene alifungwa chenye maua akakataa kukivua. Kofia zote zikarudishwa ndani ya basi, kila moja juu ya mgongo wa kiti cha mwenyewe. (Zishikeni hizo kofia, zina kazi baadaye.)

Dereva, Njuguna, hakushuka. Bwana Simeoni alikuwa amemwonya: asiwakodolee wageni macho, atazame mbele, asikilize filimbi.

Vyondo viliondoka kama mandazi. Mama aliuza vyote! Moyo wangu ulikuwa unaruka. Saa ya baba ikasema nne na dakika ishirini na nane. Nikajipanga. Nikaishika filimbi. Na hapo hapo Mzee Yohana, mwenyekiti wetu, akainua mkono.

"Wageni hawaondoki kwetu bila maombi. Tufumbe macho."

Hilo mnalijua. Mgeni haachiwi njia bila kuombewa, na Mzee Yohana akianza kuombea safari huanzia kwa Nuhu. Wote wakafumba macho, hata wageni, hata Bwana Simeoni. Saa nne na nusu ikafika. Ikapita. Nuhu hajashuka mlimani.

Nikamfikiria baba. Nikafikiria reli. Nikaweka filimbi mdomoni, nikapuliza kidogo, kwa adabu, wageni wasikie na Mungu asisikie. Ikatoka "fii," kama kifaranga. Hakuna aliyejongea. Nikajua haikusikika.

(Ilisikika. Njuguna aliisikia. Ana masikio ya sungura.)

Mara Mzee Yohana akanyamaza. Watu wakaitikia, "Amina!" Nikashukuru. Yamekwisha! Nikavuta pumzi yote niliyopewa na Mwenyezi, nikapuliza ile ya kwanza upya. PIIII!

"Na tena, Baba," akaendelea Mzee Yohana, "tunawakumbuka wasafiri wa baharini..."

Alikuwa amepumzika tu! Na Njuguna alikwishahesabu filimbi mbili. Injini ikanguruma. Basi likaondoka, tupu!

Hakuna aliyefumbua macho. Mtu hafumbui macho kwenye maombi kwa sababu ya kelele. Anaitikia kwa nguvu zaidi. Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiona, na kupiga kelele katikati ya maombi sikuthubutu. Nikakimbia.

Hapa ndipo nawaomba mnihurumie. Mkono mmoja nilishika saa ya baba, isianguke. Mwingine nilishika kibendera, nikakipunga niwezavyo. Cha kijani. Na filimbi ilikuwa bado mdomoni, nimeiuma kwa hofu, kila nikihema inalia. Piii! Piii! Piii! Njuguna akatazama kwenye kioo: viti vina kofia, msichana wa gadi anapunga kijani, filimbi zinamhimiza. Akasema moyoni, kumbe tumechelewa sana! Akakanyaga mafuta.

Kwenye kona nikateleza. Tope lilikuwepo. Mbuzi alikuwepo. Basi halikuwepo tena.

Nikarudi. Nilifika wakati Mzee Yohana anasema amina ya kweli. Macho yote yakafumbuka, yakatafuta basi, yakanipata mimi, nimepakwa tope hadi shingoni.

"Gari yangu iko wapi?" akauliza Bwana Simeoni.

Nikafungua mdomo nijibu. "Piii."

Watu walicheka! Mama hakucheka. Mama alikuwa anatazama barabara.

"Wewe msichana, umetumaliza," Bwana Simeoni akasema, ameshika kichwa. "Simba wameshatupita. Nitawaambia nini River Road?"

Mimi machozi. Lakini mama akajifunga leso upya. "Mgeni asiye na gari ni mgeni wa chakula. Simeoni, acha kulia, lete viti." Akawagawia wageni visu na viazi. Wakamenya! Yule bwana wa kitambaa cha maua akapewa mwiko wa kupondea viazi vya irio, akaponda mpaka akatoa jasho.

Njuguna alirudi saa saba, amekunja uso. Kumbe alifika mtaa wa Hurlingham akiwaeleza kofia habari za majumba, ndipo akashangaa mbona leo hakuna anayeuliza swali. Wageni hawakutaka kupanda. Bibi mmoja alimwambia Bwana Simeoni kwamba simba hata kwao wapo, kwenye vizimba, ila viazi vya namna hii hakuna.

Bwana Simeoni akatoa ratiba yake, akafuta "dakika thelathini", akaandika "muda wa saa tatu, pamoja na chakula". Kila Jumamosi! Mama alinikumbatia na tope langu lote.

Jioni baba amerudi. Ameambiwa. Amepangusa filimbi, akaifungia sandukuni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kazi nyingine nimepewa, na aliyenipa ni Mzee Yohana mwenyewe: Jumamosi ijayo maombi ya kuaga nitaomba mimi. Amesema mwenye haya haombi zaidi ya dakika moja.

Nitaomba macho wazi, nikitazama upande wa basi. Na Eseri, ukithubutu kupiga mluzi nikipita bwenini, kiazi changu cha Jumapili huonji tena.